Maneno Mawili, Maana Nyingi

Kiingereza kina maneno ya kutenda ambayo ni mepesi kutamka, lakini ni mazito kufahamu. Kila mwanafunzi hujua upesi ya kuwa put ni kuweka, na out ni nje. Basi akiambiwa na mwenye nyumba, put out the lamp, huenda akaichukua taa ikiwaka, akaiweka barazani, akarudi ndani kwa furaha ya mtu aliyetii. Kumbe ameagizwa aizime! Mafuta yatakwisha bure, naye atadhaniwa mkaidi, hali hakukosa utii. Amekosa maana tu.

Tena maana haziishi hapo. Jahazi likitoka bandarini kwenda baharini, Waingereza hutumia maneno hayo hayo. Mtu akinyosha mkono apokee kitu, ni hayo. Serikali ikitoa tangazo, ni hayo. Mtu akianguka akategua bega, ni hayo. Na mtu aliyeudhika kwa kusumbuliwa, naye husemwa kuwa ni put out. Kuzima, kutoka, kunyosha, kutoa, kutegua, kuudhika: mambo sita katika maneno mawili. Njia ya kuyatambua ni kutazama maneno yaliyo jirani. Pakiwa na moto, ni kuzima. Pakiwa na bahari, ni kuondoka. Pakiwa na mkono, ni kunyosha.

Mwanafunzi asidhani kwamba uzito huu unatokana na ujinga wake. Samuel Johnson, Mwingereza mwenye elimu kubwa, alishika kazi ya kutunga kamusi mwaka 1746, akaitoa mjini London mwaka 1755. Katika dibaji yake alisema ya kuwa maneno ya namna hii huwalemea wageni kuliko mengine yote. Akayakusanya kwa uangalifu, lakini akakiri ya kuwa hawezi kujisifu kwamba ameyamaliza. Ikiwa mtu huyo, aliyezaliwa katika lugha hiyo, hakuyamaliza, mtoto aone haya gani kuyauliza?

Wala msemaji wa Kiswahili asimcheke Mwingereza. Mgeni aliyefundishwa ya kuwa kufunga ni kutia kamba au kufuli, atafanyaje akisikia kwamba mmoja amefunga safari, wa pili amefunga ndoa, na wa tatu amefunga tangu alfajiri? Na akiambiwa apige hodi, kisha apige magoti, atatafuta fimbo?

Kwa hiyo mwanafunzi akikutana na maneno ya namna hii, asiandike maana moja katika daftari lake na kufunga kitabu. Na aandike sentensi nzima, kisha aache nafasi chini yake, kwa kuwa maana nyingine inakuja.