Transfoma ya mjomba na kelele zake

Kimya changu msikione cha bure, niko likizo huku Tukuyu. Mvua kama kawaida yake, Mlima Rungwe wenyewe siku ya nne leo sijauona kwa ukungu. Ni chai ya moto, ndizi za kupika na karakana ya mjomba, basi.

Mjomba anatengeneza redio na amplifaya. Jumatano alikuwa na amplifaya ya kwaya, inatakiwa Jumamosi kwenye mazishi (wanasubiri watoto wa marehemu wafike kutoka Dar). Na msiba wa huku si mchezo, watu wanapanda mpaka kutoka Kyela. Sasa transfoma inanguruma mmmmm mpaka bisibisi zinacheza mezani. Fundi mwingine alishawaambia wanunue mpya, na hela waliyonayo ni ya michango ya msiba huohuo.

Nikamuuliza, "Mjomba, hii sauti ni ya spika au ya chuma?"

"Chomoa spika, mjomba, utasikia mwenyewe."

Nikachomoa. Mngurumo uko palepale. Ni chuma.

Hapo ndo yale ya darasani yakaanza kunikaa kichwani. Umeme wetu ni hezi 50, yaani mkondo unageuka mara 100 kwa sekunde. Kila usumaku unapopanda, upande wowote, bati za kiini zinabadilika urefu kidogo mno, jicho halioni. Ndo maana hata transfoma nzima ina kasauti ka hezi 100. Zote zinaimba jamani, ila hii ilikuwa inapiga kelele.

Mjomba hakugusa bolti. Akachomoa plagi, akamaliza chaji ya kapasita kwa rezista (msiruke hatua hii, kapasita kubwa haina undugu), akatenganisha nyaya zinazokwenda kwenye diodi. Kuwasha tena, kelele imeshuka zaidi ya nusu! Kupima diodi nne, moja imekatika. Kumbe amplifaya ilikuwa inavuta nusu tu ya wimbi, kiini kinasukumwa upande mmoja mpaka kinashiba usumaku, kinapata joto na kulia. Transfoma mpya ingeungurumishwa vilevile. Tukabadilisha diodi zote nne.

Kelele iliyobaki ndo ilikuwa ya bati kulegea, na kutu ya unyevu wa huku. Tukakaza bolti, tukapaka vanishi. Jua la kukaushia litoke wapi? Ikakaa siku mbili karibu na jiko la mkaa, karibu tu, si juu yake, maana vanishi inashika moto.

Ijumaa tukaipima kwa balbu ya waya ya wati 100 iliyounganishwa kwa mfuatano. Balbu ikimeta na kufifia, salama. Ikibaki inawaka kwa nguvu, kuna shoti, chomoa haraka. Za LED hazikupi jibu hilo vizuri.

Mzee wa kwaya akaja, akainamisha sikio kwenye boksi. "Mbona hamjawasha?"

Mjomba akachukua maiki: "UGONILE!" Mzee akaruka, kisha akacheka mpaka kofia ikadondoka. Ndaga fijo hazikuisha.

Mjomba amechukua hela ya diodi na vanishi tu, ufundi kasema ni rambirambi yake. Narudi chuo Jumapili. Mwenye balbu ya waya asiitupe, naitaka!