Filamu Niliyoipiga kwa Bamvua

Mimi ni mtoto wa Paje, Unguja, na fedha za mwani ndizo zilizonisomesha. Kilimo hicho kilianza kwetu kibiashara mwaka 1989, nami nilizaliwa nikakikuta.

Nilipata udhamini wa Umoja wa Ulaya kusomea filamu za dokumentari katika programu ya DocNomads, iliyotupitisha wanafunzi Lisbon, Budapest na Brussels kwa miaka 2. Viza ilichelewa, nikafika wenzangu wameshaanza kupiga. Ya baridi na upweke siyasemi. Aliyeishi huko anayajua.

Mtihani wenyewe ulikuwa kurudi. Kila mfuko wa sanaa niliouandikia kuomba fedha za filamu kuhusu wakulima wa mwani ulitaka kuona vipande vilivyokwisha kupigwa, nami hata kamera sikuwa nayo. Mfadhili mmoja alinishauri nitafute familia iliyofiwa baharini, eti watazamaji wa kwao huguswa na misiba. Nilikataa, na leo ningekataa vilevile. Niliyotaka kuyaonyesha niliyaona kwa macho yangu: maji yamepata joto, mwani aina ya kotonii, wenye bei nzuri, unaoza kambani, wanawake wamebaki na aina ya spinozamu inayostahimili joto lakini bei yake ni ndogo, na bado wanapanda. Hao ni wakulima. Wana hesabu zao, hasira zao na vicheko vyao, na nilitaka vyote vionekane.

Basi nikaanza kupiga harusi mjini kwa kamera ya kukodi. Fedha ya harusi moja ndiyo iliyolipia siku za Paje. Lakini mwani haufuati ratiba ya mpiga picha. Wanawake huingia shambani wakati wa bamvua, bahari inapokupwa sana, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu. Zikikupita siku hizo, unasubiri kama wiki mbili. Mara ngapi bamvua liligongana na harusi! Nilikwenda harusini, kwa kuwa bila harusi hapakuwa na kamera. Niliporudi kijijini na aibu yangu, mama mmoja aliniambia, "Hukuja bamvua hili, mwanangu, njoo lijalo. Sisi tupo." Maneno hayo yalinibeba kuliko cheti.

Alhamdulillahi, filamu imekamilika, na wa kwanza kuitazama walikuwa wao.

Nawaomba wenye mifuko ya sanaa hapa nyumbani, serikalini na kwenye makampuni: toeni fedha za siku za mwanzo za kupiga, japo kidogo, kabla ya kudai vipande. Vijana waliorudi na shahada zao wapo, Unguja na Pemba, na wanapiga harusi.