Kumsoma Hasimu

Mshairi anayelumbana na mwenziwe hana budi kwanza kulifumbua fumbo la mwenziwe huyo. Asipolifumbua, atakalotunga si jawabu, bali matusi yenye vina na mizani. Kwa sisi tuliolelewa katika utamaduni huo wa malumbano, kisa cha makombora ya Kuba cha Oktoba 1962 si kisa cha silaha tu. Mimi hukisoma kama kisa cha nyaraka mbili na namna zilivyojibiwa.

Waraka wa kwanza wa Nikita Khrushchev ulimfikia Rais Kennedy tarehe 26: Marekani iahidi kutoivamia Kuba, na haja ya makombora ya Kisovieti kisiwani humo itaondoka. Wa pili ukaja kesho yake, nao ulikuwa mkali zaidi: Marekani nayo iyaondoe makombora yake yaliyoko Uturuki. Siku hiyo hiyo ndege ya upelelezi ya Marekani ilitunguliwa Kuba, rubani wake akafa. Waliotaka vita wakapata hoja.

Miongoni mwa washauri alikuwamo Llewellyn Thompson, balozi wa Marekani mjini Moscow tangu 1957 hadi 1962, aliyemjua Khrushchev kwa karibu. Hakumtetea. Alieleza tu kuwa mtu huyo anatafuta neno la kuwaambia watu wake: kwamba ameinusuru Kuba. Kennedy akaujibu waraka wa kwanza hadharani; na kwa siri nduguye, Robert, akamhakikishia Balozi Dobrynin kuwa makombora ya Uturuki yataondolewa. Tarehe 28 Khrushchev akatangaza kuyarejesha yake.

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Kuijua akili ya hasimu si kuikubali; ni kuujua mlango anaoweza kuutokea bila ya kuvunjiwa heshima.

Lakini moyo wangu, moyo wa mtu wa kisiwani, hautulii hapo. Fidel Castro hakushauriwa. Alikuta mambo yamekwishakatwa, akaghadhibika, akawakatalia wakaguzi kukanyaga ardhi yake. Ukaguzi ukafanyiwa baharini. Wakubwa wawili walisomana vyema, na kisiwa hakikusomwa. Uhusiano wa kibalozi baina ya Marekani na Kuba, uliovunjika 1961, haukurejeshwa hadi 2015.

Kumsoma hasimu mwenye nguvu ni hadhari. Kumsoma aliye mdogo, asiyeweza kutudhuru, huo ndio uungwana.