Sabuni ya kunyolea, maji ya kisima na shingo ya mdogo wangu

Nimekaa kimya wiki tatu nzima. Wale mnaosubiri sehemu ya pili ya makala ya hifadhidata, naomba mnivumilie, inakuja. Leo naandika kuhusu sabuni. Naam, sabuni ya kunyolea ndevu! Usiondoke kwanza, maana mwishowe ilinibidi nifanye kazi ileile ninayoifanya kila siku mbele ya kompyuta: kutafuta hitilafu iko wapi.

Mambo yalianza hivi. Mdogo wangu ni askari wa kampuni moja ya ulinzi, analinda lango la ghala huku kwetu Athi River. Sharti la kazi yao ni kwamba ukifika zamu na ndevu, unarudishwa nyumbani na siku hiyo hulipwi. Basi ananyoa kila siku, atake asitake. Shingo yake ikajaa vipele, vingine vikafanya usaha. Kuna asubuhi alishindwa kabisa kupitisha wembe, akaenda hivyo hivyo, akarudishwa na barua ya onyo juu.

"Kaka, hata ukosi wa shati ukinigusa nasikia moto," aliniambia.

Kilichonitia hofu si barua peke yake. Mjomba wetu ana uvimbe mgumu kisogoni ulioanza kama vipele vya kinyozi, ukakua miaka na miaka. Mambo ya keloidi yako kwenye ukoo wetu. Nikampeleka kliniki kabla ya kujifanya mtaalamu (na wewe ukiona usaha fanya hivyo, usinisikilize mimi). Daktari akampa dawa, akaandika barua kwamba asinyoe kwa muda. Msimamizi wake alikubali wiki mbili, si zaidi. Hizo wiki mbili ndizo nilizotumia kusoma na kupima.

Hitilafu ya kwanza ilikuwa wazi. Ndevu zetu zimejikunja. Ukizikata fupi sana, ncha yake inakuwa kama mkuki, inajikunja na kuingia tena kwenye ngozi, na mwili unaichukulia kama mwiba. Mdogo wangu alikuwa anatumia ile mashine ya plastiki yenye makali matatu. Wembe wa makali mawili ulianza kuuzwa Marekani mwaka 1971, na tangu hapo wanaongeza tu, leo hii yapo matano. Kwa mtu mwenye nywele zilizonyooka huenda ni raha. Lakini kali la kwanza linauvuta unywele, la pili linaukata ukiwa umevutwa, kisha unarudi ndani chini ya ngozi. Kwetu sisi hapo ndipo balaa linapoanzia.

Kwa hiyo tukarudi kwa wembe wa zamani, ule mwembamba wenye makali pande mbili ambao kila duka la mtaani linao, na kile kishikio cha chuma cha kuufungia. King Camp Gillette alipata hataza yake Marekani mwaka 1904, na umbo lile bado halijachuja. Kali moja, upande nywele zinakoelekea, mara moja tu, bila kukandamiza.

Vipele vikapungua, ila ngozi ikabaki kavu na inawaka. Hapa ndipo sabuni inapoingia. Alikuwa anatumia sabuni ya kuogea. Inatoa povu, ndiyo, lakini povu lenyewe linakauka kabla hujamaliza shavu moja, kisha wembe unakwaruza ngozi tupu.

Tofauti iko kwenye kemia, na ni rahisi kuliko nilivyodhani. Sabuni ni mafuta yaliyochemshwa na alkali. Sabuni ngumu ya kuogea au kufulia hutengenezwa kwa alkali ya sodiamu. Sabuni ya kunyolea ya asili huwa na alkali ya potasiamu kwa wingi, ambayo inafanya sabuni laini inayoyeyuka haraka, pamoja na asidi ya steariki nyingi, ambayo ndiyo inayolifanya povu liwe zito kama maziwa lala na lisikimbie. (Potasiamu si kitu kigeni kwetu. Waluhya wanaochuja majivu ya maganda ya maharagwe kupikia mboga wanatumia chumvi zake.) Kwa hiyo ukiwa dukani usisome maneno makubwa ya mbele, geuza pakiti. Ukiona potasiamu na steariki mwanzoni mwa orodha, hiyo ni sabuni ya kunyolea kweli.

Nikanunua fimbo ya Arko, ya Uturuki, gramu 75. Nilikuwa namtafutia kitu kama fimbo ya Palmolive aliyokuwa nayo Baba tulipokuwa wadogo, lakini nilipata hii kwanza. Nikajaribu kwenye uso wangu mwenyewe. Povu halikutoka! Kilichotoka ni uji wa kijivu wenye chembechembe. Nusura niitupe.

Halafu nikaangalia birika. Chini lina ukoko mweupe kama chokaa. Kisima cha ploti yetu kina maji magumu, yaani yamejaa kalsiamu na magnesiamu. Madini hayo yakikutana na sabuni yanaishika, yanafanya takataka isiyoyeyuka. Sabuni yako nusu inaishia kupigana na maji.

Nikachukua chupa nne za soda, kila moja maji kiasi kimoja na kipande kimoja cha sabuni, nikatikisa kila moja mara kumi. Ni kama kupima programu: badilisha kitu kimoja tu, vingine viache. Ya maji ya mvua ilijaa povu hadi shingoni. Ya kisima, uji wa kijivu. Ya kisima yaliyochemshwa na kupozwa, afadhali kidogo, kwa sababu kuchemsha kunatoa sehemu tu ya ugumu (ndiyo ule ukoko wa birika). Ya nne nilitia magadi, yale yale ya kulainishia githeri. Povu lilipanda vizuri ajabu, maana magadi yanaitoa kalsiamu majini na kuituamisha chini. Nikajiona nimegundua kitu. Ziwa Magadi liko Kajiado, jirani kabisa, na magadi yamechimbwa kibiashara pale zaidi ya miaka mia moja! Nikayapaka kidevuni kwa furaha. Yaliniwasha hadi jioni. Magadi ni alkali kali kwa ngozi iliyotoka kunyolewa. Msijaribu.

Jibu likawa maji ya mvua. Kunyoa mara moja kunataka kikombe kimoja cha mililita 300 hivi, kwa hiyo jerikeni ya lita 20 inanyoa mara 66. Kiangazi kikifika tutajaza maji yaliyochujwa kwenye vile viduka vya mtaani. Sijaona sababu ya kununua dawa yoyote ya kulainisha maji.

Sasa bei, maana huyu ni mtu wa mshahara wa askari. Alikuwa ameanza kununua povu la mkebe, ambalo kwa sehemu kubwa ni maji na gesi. Mkebe wa shilingi 450 ulimmalizikia wiki tano. Ile fimbo niliinunua shilingi 400. Nikaipima kwa mizani ya jikoni, tukanyoa mara 20, nikaipima tena: imepungua gramu 14. Hiyo ni gramu 0.7 kila mara, kwa hiyo gramu 75 ni mara mia na kitu. Chini ya shilingi nne kwa siku, dhidi ya karibu 13 za mkebe. Bei za kwenu zitatofautiana, lakini hesabu fanyeni hivyohivyo, kwa mara za kunyoa, si kwa ukubwa wa pakiti.

Tulifikiria pia unga wa Magic, ambao hauhitaji wembe kabisa kwa sababu unayeyusha unywele. Kwa vipele ni mzuri, na watu wengi wanaupenda. Lakini si wa kupaka kila siku, ukizidisha dakika unaungua, na yeye hana ruhusa ya kupumzika siku ya pili.

Brashi ilikuwa ugomvi. Alisema hawezi kutoa pesa ya brashi, atapaka kwa mkono. Inawezekana: unasugua fimbo kwenye ndevu zilizolowa, unakoroga kwa vidole. Wiki moja baadaye Baba akasikia habari, akaituma ya kwake kutoka Machakos kwa matatu, imefungwa kwenye gazeti. Ni ya manyoya ya nguruwe, inapukutika, mpini umepasuka. Povu lake ni zuri kuliko langu la brashi mpya.

Amenyoa kila siku kwa wiki sita sasa. Vipele viwili vitatu bado vipo chini ya taya la kushoto, na alama nyeusi hazijatoka, lakini moto umekwisha na barua ya pili haijaja. Analalamika tu kwamba sabuni inanuka dawa ya choo. Nimemwambia ile ya pili atachagua mwenyewe.