Mnara Utalala Wapi?

Neno mnara limebeba mengi kuliko chuma chochote kinachosimamishwa kwa jina lake. Lilitujia kutoka Kiarabu, likiwa la ukoo mmoja na nuru, na kwa karne nyingi makazi yake yalikuwa pwani: mnara wa msikiti upazao adhana, mnara wa taa uongozao vyombo baharini. Watafsiri wa Biblia walipofika Babeli, wakalichukua hilo hilo. Arusha ikajenga Mnara wa Azimio, neno likawa la kumbukumbu. Leo mtoto wa Ndanda ukimtajia mnara hakumbuki nuru, adhana wala azimio. Macho yake hupanda ukingoni mwa uwanda wa Makonde, kwenye chuma chenye mabaka mekundu na meupe.

Ukingo huo una sababu yake. Ndanda imekaa chini, uwanda ukisimama juu yake kama ukuta, na mawimbi ya simu husafiri karibu kama macho yatazamavyo: kilichokingwa na mlima hakionekani, wala hakisikiki. Ndiyo maana wenye kampuni hutamani miinuko, na ndiyo maana mwaka jana wakala mmoja alifika katika shamba la mikorosho la mjomba wangu, huko juu, akiwa na mkataba wa pango wa Kiingereza na muhtasari wake wa Kiswahili wa ukurasa mmoja. Mjomba aliniita niusome. Kwetu mjomba akiita, mpwa haulizi nauli.

Muhtasari ulisema kwamba kampuni itakodi eneo la mita 15 kwa 15 kwa ajili ya “mnara na viambatisho vyake”. Hapo mjomba alinisimamisha.

“Hivyo viambatisho mbona havimo? Mimi nimepewa karatasi moja tu.”

Alikuwa na haki. Kwa yeyote aliyewahi kupeleka barua ofisini, kiambatisho ni karatasi inayofuata nyuma ya nyingine. Katika mkataba wenyewe, neno lililofasiriwa hivyo lilikusanya jenereta, kibanda, uzio, antena, na nyaya za kukazia. Nilipofika kwenye nyaya nikarudi mwanzo wa ukurasa, kwa kuwa kitu kinachoshikiliwa na nyaya si mnara. Ni mlingoti.

Washairi wenzangu, tofauti hii si ya mapambo. Mnara husimama kwa miguu yake. Mlingoti, tuujuao kutoka majahazini na kwenye bendera ya shule, ukiwa mrefu huhitaji kamba za kuushika, na kamba hizo hufungwa mbali na kitako chake. Mlingoti wa mita 40 hauwezi kufunga nyaya zake zote ndani ya mraba wa mita 15. Vigingi vitaingia katika mikorosho, na hakuna aliyeikodi mikorosho. Neno moja lililokosewa katika muhtasari lilikuwa linameza ardhi isiyolipiwa. Wakala alipoulizwa nyaya zitafungwa wapi, alijibu kuwa jambo hilo limo katika viambatisho.

Antena nayo imetukalia kama mgeni asiyeaga. Siwezi kuikataa, maana imeshavaa mavazi yetu, ila hujiuliza kwa nini kitenzi papasa hakikuitwa kazini. Mende ana vipapasio, na chuma kile hufanya kazi ile ile ya kupapasa hewani. Dishi lilipata bahati nzuri zaidi, kwani wapo waliolifananisha na ungo, ingawa ungo wa kupaa nao si habari njema kijijini usiku.

Swali kubwa, hata hivyo, lilitoka kwa mjomba mwenyewe. Aliwasikiliza wote, akasema: “Mpwa wangu, wameniambia utasimama wapi. Hawajaniambia utalala wapi.”

Mikorosho yake imepandwa kwa nafasi ya mita 12, kama wataalamu wanavyoshauri. Tulipima kwa hatua. Ukiwekwa mita 6 kutoka mti wa kwanza, mlingoti wa mita 40 ukianguka utaupita mkorosho wa tatu na kugusa matawi ya wa nne. Katika halmashauri nyingi za Marekani kanuni za upangaji huzijua hesabu hizi: hutenganisha mnara, mlingoti na antena, na mara nyingi hudai umbali hadi mpakani usipungue kimo. Sisi tuna Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2007, na tuna maneno mazuri ndani yake. “Mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji” hueleweka na kila mtu kwenye mkutano mkuu. Afadhali hilo kuliko “kanda ya makazi”, ambayo mzee wa huku ataisikia kama Kanda ya Kusini, au kama kaseti. Lakini ardhi ambayo chuma kitailalia, muhtasari wa wakala haukuwa na jina lake, na kisichotajwa ni vigumu kukidai.

Nikapendekeza mlalo. Kamusini neno lipo, kwa maana ya namna ya kulala. Tuliliongezea kazi tu. Tena lina mizani tatu kama mnara, likaketi nalo vizuri katika kipande kimoja. Niliandika fasili hii: mlalo wa mnara ni ardhi yote inayoweza kufunikwa na mnara au mlingoti uangukapo, ikipimwa kutoka kitakoni kuelekea kila upande.

Wakala alisema neno hilo halimo katika mikataba yao. Nilimkumbusha kwamba tangu mwaka 2021 lugha ya sheria za nchi hii ni Kiswahili, na kwamba mkataba unaosainiwa na Mmakonde juu ya ardhi yake hauna udhuru wa kukikwepa. Akaichukua karatasi, akasema ataipeleka kwa wakubwa.

Mjomba hajasaini. Ameisoma fasili yangu mara mbili, kisha akaomba kalamu, na baada ya “kila upande” akaongeza kwa mkono wake: “pamoja na mikorosho iliyomo, na fidia yake.” Halafu akachukua chokaa, akaenda kutia alama mti wa tatu na wa nne.