Mto wa Daraja la Tatu

Mito yenye maji ya kasi hupangwa kwa madaraja sita. Daraja la kwanza ni maji yanayotembea taratibu, hayamsumbui hata mwanagenzi. Daraja la sita ni maji ambayo hata mabingwa huyatazama kutoka ukingoni, kisha wakaondoka. Katikati pako daraja la tatu: mawimbi yasiyo na mpangilio, mawe ya kukwepa, na njia nyembamba ambayo mpiga kafi lazima aiingie kwa wakati wake. Watu wa mchezo huu huliita daraja la wastani. Mama yangu, mzaliwa wa Kalemie anayeishi sasa Dzaleka, halikubali jina hilo. "Maji yanayoua ni maji yanayoua," anasema. "Hayana wastani."

Mabishano haya yaliingia nyumbani kwetu kwa sababu ya yaya, kama tunavyomwita kaka mkubwa kwa Kiswahili cha Kongo. Vita vilipotutawanya, sisi tulishuka hadi Malawi, yeye akaelekea Uganda. Leo anafanya kazi Jinja, kwenye mto Nile. Anaendesha kayaki, mtumbwi mwembamba wa plastiki wa mtu mmoja, akizisindikiza mashua za mpira zinazobeba watalii. Mtalii akianguka majini, yaya humfuata, humpa sehemu ya kushika kwenye kayaki, na kumvuta hadi penye utulivu. Mama alipoelewa kazi hiyo ni nini, alitaka aiache mara moja. Akanikabidhi mimi kuandika ujumbe. "Wewe ndiye msomi," alisema. "Mwandikie atakayokuelewa."

Kabla ya kumwambia mtu aache kitu, ni vizuri kukijua kitu chenyewe. Nikaanza kumwuliza yaya maswali, naye akanijibu kwa sauti kwenye simu, jioni baada ya kazi. Alinieleza kwamba kazi kubwa ya mtoni ni kusoma maji, na kwamba maji husomwa zaidi mtu akiwa amesimama nchi kavu. Maji laini yakijichonga kama ulimi unaoelekea mtoni chini, hapo mara nyingi pana njia. Ncha ya ulimi ikielekea juu, hapo pana jiwe limejificha. Nyuma ya jiwe kubwa maji hurudi kinyumenyume na kutulia, ndipo mpiga kafi anapojibanza kupumua na kutazama mbele. Kinachoogopwa kuliko wimbi kubwa ni mti ulioanguka: maji hupita katikati ya matawi, mwili haupiti. Kayaki ikipinduka, mwenyewe hatoki. Hutumia kafi na kiuno kujigeuza juu tena. Hilo hufundishwa kwanza kwenye maji yaliyolala, mara nyingi, hadi mwili uweze kulifanya bila kuuliza kichwa.

Alinieleza pia kwamba Nile ya Jinja ina kina na maji yake ni ya uvuguvugu, na kwamba chini ya maporomoko yake mengi pana bwawa pana lililotulia, mahali pa kumwokotea aliyeanguka. Maporomoko ya Bujagali hayaonekani tena. Yalifunikwa na maji ya bwawa la umeme lililozinduliwa mwaka 2012. Itanda bado ipo, na hapo mashua za watalii hutolewa majini zikabebwa nchi kavu kupita sehemu mbaya. Nilimwuliza kama kubeba si aibu. Alicheka. Mimi nikakumbuka Shire, mto wa hapa Malawi. David Livingstone alizuiwa na maporomoko yake mwaka 1859, na mwaka 1875 meli ya Ilala ilifunguliwa vipande vipande, ikabebwa na mamia ya wapagazi kuyapita maporomoko hayo, ikaungwa tena upande wa juu, ikafika ziwani. Hakuna aliyeiona safari hiyo kuwa ya woga.

Januari, nikiwa na karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini, nilikwenda Lilongwe kwa shughuli za masomo. Karibu na soko kuu watu huvuka mto Lilongwe kwa vivuko vya mbao vilivyofungwa kwa mikono, wakilipa hela kidogo. Mvua ilikuwa imenyesha, mto umebeba udongo na matawi. Kwa yale niliyofundishwa, maji yenyewe hayakufika daraja la tatu. Lakini akina mama walivuka na mizigo kichwani, watoto mgongoni, na chini ya kivuko hapakuwa na mtu mwenye kamba wala jaketi la kuokolea. Hapo nilielewa kwamba daraja hupima maji tu. Halihesabu nani amesimama chini yake akisubiri.

Nilimpelekea mama hoja hiyo, nikidhani nimeshinda. Yeye akanitajia Lukuga, mto unaotoka ziwa Tanganyika palepale Kalemie. Tarehe 7 Desemba 2010, Hendri Coetzee, Mwafrika Kusini aliyekwisha kushuka Nile kutoka Ziwa Victoria hadi Mediterania, alikuwa Lukuga na Wamarekani wawili, kila mmoja na kayaki yake, wakienda karibu karibu. Mamba alimvuta majini, na hakuonekana tena. "Huyo alijua kusoma maji," mama alisema. "Alikuwa na wenzake pia." Sikuwa na jibu. Ustadi hupunguza hatari, haumalizi.

Basi kwa nini sikuandika "acha"? Kwa sababu lazima niseme pia aache aende wapi. Uganda, sheria ya wakimbizi ya mwaka 2006 inamruhusu yaya kutembea na kufanya kazi. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi mwaka 1987 iliweka vizuizi, vikiwemo vya kazi na vya kutembea. Dzaleka, iliyofunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza, ilikusudiwa watu elfu kumi na kitu. Sasa tumepita elfu hamsini. Unga tunaokula na bando ninalosomea vinatoka kwenye kafi ya yaya. Mama analijua hilo kuliko mimi, na ndilo linalomuuma: anaogopa maji yanayomlisha.

Mwishowe mama aliniambia nisiandike kitu, niulize swali moja tu: "Yeye anawaangalia wazungu. Yeye nani anamwangalia?"

Yaya alichelewa kujibu siku mbili. Kisha akatuma picha ya vijana wawili wa Kiganda wenye helmeti, na sauti fupi: hawa ndio wenzangu, hakuna anayeingia majini kabla wengine hawajawa tayari, na mimi huwangoja wao vilevile. Akataja majina yao.

Mama hakusema kwamba amekubali. Alinitaka nimrudishie ile sauti mara tatu, hadi akayashika majina. Tangu siku hiyo, katika sala yake ya alfajiri, kabla ya kazi ya mtoni kuanza, huwaombea vijana watatu.