Chakula cha Mchana Rondo, Msituni Kakamega

Ukitoka mjini Kakamega kwa barabara ya Kisumu, kata kushoto pale Khayega, upite soko la Shinyalu hadi Isecheno. Mahindi yanakwisha, chai inapokea, kisha msitu unakufunika ghafla. Huu ndio ukingo wa mashariki wa misitu ya mvua ya jamii ya Kongo. Mbele kidogo iko Rondo.

Nyumba kuu ni ya mbao. Ilijengwa mwaka 1948 na mlowezi mwenye kiwanda cha kupasua magogo, na inasemekana mkewe ndiye aliyetaka isimame chini ya mzeituni wa Elgon uliosifika kuwa mti mkubwa kuliko yote humu. Bwana anakula kwa msumeno, bibi anaomba kivuli! Siku hizi ni mahali pa mapumziko na sala. Wageni hulala na kula.

Kaa barazani. Hapo huko ndani wala huko nje: mgongoni pana ukuta wa mbao, machoni pana bustani, na nyuma ya bustani mbega wanaruka huku shorobo mkubwa wa buluu akikoroma juu ya matawi. Wajapani nao wana baraza kama hii, engawa, ukumbi mwembamba wa mbao kati ya chumba na bustani. Mwandishi wao Jun'ichirō Tanizaki alichapisha mwaka 1933 insha nzima ya kusifu giza la vyumba vyao.

Kwa kuwa baraza hii na engawa ni ndugu, nasema anayetaka kufungua mkahawa wa Kijapani ndani ya jengo la kale, la Nairobi au la Mombasa, aje kwanza hapa kabla ya kununua taa nyekundu na mianzi ya plastiki. Chumba cha Kijapani hupimwa kwa mikeka ya tatami, kila mmoja karibu sentimita 90 kwa 180. Jukwaa la mbao la kubeba mikeka hiyo laweza kusimama lenyewe, bila msumari hata mmoja kwenye ukuta wa zamani, na likaondolewa kesho. Dirisha liachwe lifanye kazi ya picha. Rondo hakuna pambo linaloshindana na ule mti, na chakula kinanoga.

Agiza mapema, beba sweta na koti la mvua, na umchukue mwongozaji mwenyeji pale Isecheno, maana vijia vya msituni vinafanana.